Kizuri Hakijiuzi: Kiko cha Mwingereza, Ugoro wa Newala na Ulimi wa Mkulima

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ni methali tamu masikioni, na nimeisikia majukwaani na katika kumbi za semina kila mkulima anapolalamikia bei: ongeza ubora, ndugu yangu, kizuri chajiuza. Leo nathubutu kusema kwamba methali hiyo, kwa namna tunavyoitumia, inatudanganya. Sijakiona bado kitu kilichojiuza chenyewe. Nyuma ya kila bidhaa inayosifiwa na kulipiwa vizuri amesimama mtu aliyeionja, akaipa jina, akaipangia daraja, kisha akaaminiwa. Suala la msingi ni hili: mtu huyo ni nani, na kwa nini hatoki Newala wala Masasi?

Nitalijibu kwa mfano wa tumbaku. Najua baadhi yenu mtakunja nyuso, na mna haki. Tumbaku inaua, hilo halina mjadala. Nchi yetu ilitunga sheria ya kuidhibiti mwaka 2003, na mwaka 2007 ikaridhia mkataba wa kimataifa wa Shirika la Afya Duniani kuhusu jambo hilohilo. Mimi sivuti, na simshauri mtu avute. Ninaichukua tumbaku kama mwalimu wa udaktari anavyochukua maiti: haipendi, lakini hakuna kitakachomwonyesha mwanafunzi mishipa kwa uwazi zaidi. Na katika mwili wa biashara ya dunia, sijaona mahali ambapo mshipa wa mamlaka ya kuonja umejitokeza nje kama katika kile kinachoitwa mchanganyiko wa Kiingereza wa tumbaku ya kiko.

Tuuchambue mchanganyiko huo. Una jani la Virginia, ambalo asili yake ni Marekani. Una majani madogo yenye harufu kali yaliyokaushwa kwa jua, ambayo kwa desturi yalitoka Ugiriki, Uturuki na nchi za jirani. Na kiungo kinachoupa mchanganyiko huo haiba yake ni Latakia, jani jeusi lililofukizwa kwa moshi wa kuni kwa muda mrefu, lililochukua jina la bandari ya Syria na baadaye likalimwa kwa wingi Saiprasi. Sasa nionyesheni Uingereza iko wapi ndani ya kopo hilo. Mwaka 1604 Mfalme James wa Kwanza aliandika kitabu kizima cha kuilaani tumbaku. Mwaka 1660 Bunge lao likapiga marufuku kuilima katika ardhi ya Uingereza, kwa manufaa ya makoloni na ya ushuru wa forodha. Kwa hiyo taifa lililokataza zao hili kwenye udongo wake ndilo lililolipa jina mchanganyiko wake bora. Hawakuwa na shamba. Walikuwa na ulimi, walikuwa na daftari, na walikuwa na duka.

Daftari ninalolitaja si mafumbo. Alfred Dunhill alipofungua duka lake la tumbaku katika mtaa wa Duke, London, mwaka 1907, alikuwa akimchanganyia mteja tumbaku inayomfaa, kisha mchanganyiko huo ukaandikwa kitabuni ili mteja akirudi apate kilekile. Kutokana na kazi hiyo ya kuonja na kuandika, majina ya michanganyiko yalienea duniani kote. Leo michanganyiko iliyozaliwa dukani humo hutengenezwa Denmark, na bado huitwa ya Kiingereza. Kiwanda kimehama, jina limebaki.

Waangalieni pia waonjaji wenyewe, maana kazi yao ina adabu ya kipekee. Mwonjaji hufungua kopo akanusa kabla ya kugusa. Hufinya majani kati ya vidole kupima unyevu. Hushindilia bakuli la kiko kwa hatua, chini kwa wepesi na juu kwa nguvu zaidi. Huwasha, huacha kizimike, huwasha tena. Huvuta polepole kama anayekunywa uji wa moto, na moshi kidogo huupitisha puani, kwa sababu pua hujua mengi kuliko ulimi. Huandika ladha ya mwanzo wa bakuli, ya katikati na ya mwisho. Hutazama kama jivu ni jeupe, kama ulimi umeumwa, kama chumba kitanuka kesho yake. Kisha hutoa hukumu kwa maneno yaliyokwisha kukubaliwa na wenzake: ngozi, ubani, nyasi kavu, moshi wa kuni. Maneno hayo yakishaandikwa, kopo moja linapanda hadhi, na jingine linabaki rafuni.

Nilipokuwa masomoni Uingereza kwa ajili ya shahada ya uzamivu, mwenyeji wangu mmoja, mzee mkarimu mwenye rafu nzima ya makopo, alinifungulia moja lenye Latakia akaniuliza nasikia nini. Nilijibu bila kufikiri: nasikia kichanja cha jikoni, pale juu ya mafiga, mahindi ya mbegu yanapotundikwa yapate moshi yasibunguliwe. Wageni wengine walicheka kwa upole. Mmoja akanieleza kwamba neno linalotumika ni moshi wa kambi. Nikajiuliza tangu usiku ule: moshi wa kambi ya mtu anayekwenda kulala porini kwa burudani umekuwa neno la kitaaluma, na moshi wa kichanja unaolinda chakula cha mwaka mzima umekuwa kichekesho. Pua zetu zilisikia kitu kilekile. Tofauti ilikuwa ni kamusi ya nani imo mezani.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba nilikuwa nimelelewa na mwonjaji. Mimi ni mtu wa Newala, na kwetu, kama mjuavyo desturi ya Wamakonde ya kufuata ukoo wa mama, sauti ya mjomba ndiyo sauti. Mjomba wa mama yangu alikuwa mtu wa ugoro. Siku ya soko alikuwa akipita kwenye mikeka ya wauzaji, na wauzaji walikuwa wakinyamaza. Alichukua ugoro kidogo akausaga kati ya kidole gumba na cha shahada: ukiwa na chenga, jani lilitwangwa kabla halijakauka. Aliumwaga kiganjani akautazama juani: ukielekea weusi mno, umetiwa maji ili uongezeke uzito. Alinusa kwa mbali kutambua majivu au magadi yaliyotiwa ni ya kiasi gani, kisha akanusa kwa karibu. Chafya ya haraka haikuwa sifa kwake. Ugoro mzuri, alisema, hubisha hodi kwanza. Mwisho alisema neno moja tu, na kwa neno hilo bei ya mkeka mzima ilipanda au ilishuka.

Huo ulikuwa utaalamu kamili. Ulikuwa na hatua, ulikuwa na msamiati, ulikuwa na mwanafunzi, yaani sisi watoto tuliotumwa kununua na kukaripiwa tulipoleta kibaya. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta akikusanya vitu kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig. Miongoni mwa vitu vya watu wa nyanda hizi vilivyowavutia Wazungu ni vile vikopo vidogo vya kutilia ugoro na dawa, vyenye vifuniko vilivyochongwa sura ya kichwa cha binadamu. Vikopo hivyo leo vimo ndani ya makabati ya vioo huko Ulaya, na wanafunzi wa sanaa huandika tasnifu kuhusu ustadi wa mchongaji. Kuhusu ustadi wa aliyejua kilichomo ndani ya kikopo, hakuna kabati. Na sisi wenyewe, tuliosoma, hatukuandika hata ukurasa mmoja. Tuliona aibu. Ugoro ni wa wazee wa kijijini. Kiko ni cha profesa. Sumu ni ileile, lakini hii tuliiita ushamba na ile tukaiita utamaduni.

Kama mngedhani hilo ni jambo la zamani, fuateni barabara ya kutoka Masasi kupitia Tunduru hadi Songea na Namtumbo. Huko wakulima wamelima tumbaku ya moshi tangu enzi za ukoloni, na chama chao cha ushirika cha Ngoni-Matengo kilianzishwa mwaka 1936. Mkulima hutundika jani ndani ya bani, huwasha moto wa magogo chini yake, hukesha akiulinda moshi usigeuke ndimi za moto. Kazi hiyo ni ndugu wa kazi inayoipa Latakia sifa zake. Kisha hufunga mtumba, hupeleka sokoni, na mteuzi hutazama, hugusa, hutaja daraja. Anayebishana naye abishane kwa lugha gani? Mkulima anajua usiku gani moto ulimzidi nguvu, anajua jani gani lilikatwa changa, lakini ujuzi huo hauna safu katika karatasi ya mauzo. Nimeona makopo mengi ya tumbaku ya kiko yenye majina ya bandari, mitaa na majimbo ya mbali. Sijawahi kuona lililoandikwa Songea.

Sasa nifike ninakokwenda, maana sikuandika haya kwa ajili ya tumbaku. Uchumi wa Newala na Masasi ni korosho, na katika korosho tumerudia kosa hilohilo kwa ukubwa zaidi.

Tazameni safari ya gunia. Mkulima hupiga salfa kupambana na ubwiriunga, hufagia chini ya mkorosho, huokota, huanika, hupeleka kwenye chama cha msingi. Hapo korosho hutazamwa, hutajwa kuwa daraja la kwanza au la pili, hupimwa, na huchanganywa na za wengine. Tangu ufike mfumo wa stakabadhi ghalani mwaka 2007, shehena hukusanywa ghalani na kuuzwa kwa mnada, na siku hizi mnada huo hufanyika kwa njia ya kielektroniki. Sikatai kwamba mfumo huo ulimpunguzia nguvu mnunuzi wa kangomba, yule aliyemfuata mwenye njaa mlangoni na bakuli lake la kupimia. Lakini angalieni kinachopotea njiani. Aliyeanika siku tatu na aliyeanika nusu siku wamelala ndani ya shehena moja na watalipwa bei moja. Ulimi wa mkulima umekatwa mlangoni mwa ghala.

Na ulimi wa mnunuzi? Huo umenolewa. Mfanyabiashara wa korosho ghafi hanunui macho yakiwa yamefumbwa. Huchota sampuli kutoka magunia mbalimbali, huzihesabu korosho zinazojaza kilo moja, huzikata moja moja kwa kisu maalumu, hutenga punje nzima na nyeupe, zenye madoa, zilizosinyaa na maganda matupu, kisha hupima na kupiga hesabu ya ratili ngapi za punje njema zitatoka katika gunia la kilo 80. Namba hiyo moja ndiyo inayoamua faida yake kabla meli haijang'oa nanga kwenda India au Vietnam. Huko korosho zikibanguliwa hupangwa upya kwa madaraja mengine: W320, kwa mfano, ni punje nzima nyeupe ambazo takribani 320 hutimiza ratili moja. Sisi tunaotumia kilo tumepangiwa ubora kwa ratili, na wakulima wengi niliozungumza nao kwetu Newala hawajawahi kuiona karatasi yenye namba ya shehena yao.

Kumbukeni Oktoba 2018. Wakulima wa Tandahimba na Newala walizikataa bei za mnada, na kukataa kwao kulitikisa nchi hadi Rais Magufuli, mwezi Novemba, akatangaza kwamba Serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kwamba jeshi litazisomba. Ulikuwa ushujaa, na nitausifu daima. Lakini rudieni kusikiliza hoja za siku zile, za mkulima, za mwanasiasa na za sisi wachambuzi. Wote tulibishana juu ya shilingi. Sikumsikia aliyesimama akasema: korosho ya kata yetu inatoa ratili kadhaa, hii hapa sampuli, hiki hapa kisu, kateni mbele yetu, kisha mtueleze kwa nini bei ni hiyo. Hatukusema hivyo kwa sababu hatukuwa na kisu wala maneno. Tuliomba bei kama mtu anavyoomba huruma. Mwenye kuweza kuhukumu kitu chake haombi, hudai.

Nazijua pingamizi. Ya kwanza husema kuonja ni anasa ya walioshiba. Aliyeshiba ni yupi? Mjomba wa mama yangu alikuwa na kanzu mbili. Alionja kwa sababu hakuwa na senti ya kupoteza. Maskini ndiye asiyeweza kununua kibaya mara mbili. Ya pili husema mteja ni mfalme, naye ndiye mwamuzi. Sawa, lakini hata mfalme hujibiwa na mwenye ushahidi. Dunhill hakukaa akingoja mteja amweleze tumbaku ni nini. Alimfundisha mteja kuonja, kisha akamuuzia alichomfundisha kukitamani.

Pingamizi la tatu ni zito, na sitalikwepa: kwamba tukiachiwa hukumu wenyewe tutajipendelea. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Na kweli tumelitia maji. Msimu wa 2017/18 yalisikika malalamiko ya kokoto ndani ya magunia yaliyovuka bahari, na aibu ile ilikuwa yetu. Lakini tujiulize kokoto huingia wapi. Huingia mahali ambapo gunia halina mwenyewe, ambapo jina la mkulima limekwisha kufutwa na hukumu ya ubora iko mbali, mikononi mwa mtu asiyemjua. Muuzaji wa ugoro hakutia mchanga sokoni Newala, kwa kuwa wiki iliyofuata angekutana na pua ileile. Hukumu ikiwa karibu huzaa uaminifu. Mgema aliyeharibu tembo ni yule aliyesifiwa na wasioonja.

Wala sidai jambo geni katika nchi hii. Kule Moshi, unakofanyika mnada wa kahawa, wapo Watanzania ambao kazi yao ni kuonja: huchemsha, huvuta kwa kijiko, hutema, huandika alama, na alama zao huandamana na kahawa sokoni. Hakuna anayewacheka. Ikiwa ulimi wa Mtanzania unaweza kuaminiwa kwa kahawa Kilimanjaro, nani alisema mkono wa Mtanzania hauwezi kuaminiwa kwa kisu cha korosho Masasi?

Ninachotaka ni mambo matatu, na yote yanawezekana kabla ya msimu ujao haujafunguliwa. Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na mizani ndogo, kisu cha kukatia na vijana wawili, wa kike na wa kiume, waliofundishwa kupima ubora. Korosho zikatwe mbele ya mkulima, na namba iandikwe kwenye risiti yake pamoja na uzito. Pili, shehena zitenganishwe kwa ubora uliopimwa, ili aliyeanika siku tatu asimlipie mvivu. Tatu, sisi wa vyuo vikuu, ambao tumejaza maktaba tasnifu za masoko zilizonukuu kila mtu isipokuwa wazee wetu, twende tukakusanye maneno ambayo watu wa nyanda hizi hutumia kuhukumu korosho, ugoro, asali na mihogo, tuyaandike na kuyafundisha. Lugha isiyo na maneno ya kuhukumu mali zake huishia kutafsiri hukumu za wengine.

Nimemaliza, ila sijamaliza habari za yule mzee. Alipokuwa akinunua ugoro wa kutosha mwezi mzima, alichukua kwanza chembe kidogo kutoka kwenye mkeka, akazifunga katika kipande cha karatasi na kuziweka mfuko wa kifuani. Akifika nyumbani alilinganisha alichopimiwa na alichokionja. Ikiwa vimetofautiana, siku ya soko alirudi, akakifungua kile kikaratasi mbele ya watu na kukilaza juu ya mkeka wa muuzaji bila kusema kitu. Hakuwahi kukosa kurudishiwa fedha zake. Mkulima wa korosho wa Newala, anapotoka ghalani na stakabadhi yake mkononi, hana hata punje moja aliyobaki nayo ya kulaza mezani kwa mtu.